Nyaya Ndefu, Giza Kuu na Tumbili wa Gitaru: Rekodi za Umeme Duniani

Umeme ukikatika, lawama hulielekea shirika la umeme mara moja. Ukiwepo, hakuna anayeuliza umetoka wapi. Lakini kabla taa ya sebuleni haijawaka, umeme umeshapita hatua tatu: umezalishwa mitamboni, umesafirishwa kwa njia kuu zenye minara ya chuma, kisha umesambazwa mitaani kwa nguzo za mbao au za zege. Njiani msongo wake hupandishwa na kushushwa. Kwa Tanzania, njia kuu hubeba kilovolti 132, 220 au 400. Vituo vya kupoza umeme huushusha hadi kilovolti 33 au 11, na ile transfoma iliyo nguzoni mtaani kwenu humalizia kazi: volti 400 kwa mashine ya kusaga, volti 230 kwa nyumba.

Sababu ya kupandisha na kushusha ni hesabu fupi. Kilowati 100 zikisafirishwa kwa volti 230 zinahitaji mkondo wa ampia zipatazo 435. Kwa volti 11,000, ampia tisa zinatosha. Umeme unaopotea kama joto kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukipungua mara 48, upotevu hupungua zaidi ya mara 2,000 kwenye waya uleule. Rekodi nyingi zinazofuata zimezaliwa na hesabu hiyo.

Mkongwe aliyekataa kustaafu

Tarehe 4 Septemba 1882, kampuni ya Thomas Edison iliwasha kituo cha Pearl Street, New York. Siku hiyo kilihudumia wateja 82 wenye taa 400. London ilikuwa imetangulia mapema mwaka huohuo kwa kituo cha Holborn Viaduct, lakini mfumo wa New York ndio ulioota mizizi. Ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, kwa volti 110. Kwa msongo mdogo namna hiyo, aliyekaa zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka kituoni hakuwa na bahati, kwa sababu umeme uliishia njiani.

Udhaifu huo ndio uliompa ushindi mpinzani wake, mkondo geu, ambao hubadili uelekeo mara nyingi kwa sekunde na ambao transfoma inaweza kuupandisha na kuushusha msongo bila shida. Hata hivyo, majengo ya Manhattan yenye mitambo ya zamani yaliendelea kuuziwa mkondo mnyoofu hadi tarehe 14 Novemba 2007, mteja wa mwisho alipokatiwa. Hiyo ni miaka 125 ya huduma kwa teknolojia iliyoonekana imeshindwa kabla karne ya 19 haijaisha.

Safari iliyomaliza ubishi

Mwaka 1891, wahandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky wa AEG na Charles Brown wa Oerlikon walitoa umeme kwenye maporomoko ya Lauffen, mto Neckar, wakaufikisha kwenye maonyesho ya Frankfurt, kilomita 175 mbali. Walitumia msongo wa volti 15,000 na nyaya tatu, kila moja ikibeba wimbi lake. Robo tatu hivi ya umeme ilifika salama. Huko Frankfurt umeme huo ukawasha taa 1,000 na kusukuma maji ya maporomoko yaliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho. Hapakuwa tena na hoja ya kujenga kituo kila mtaa.

Mpango wa Lauffen bado uko nasi. Tazama nguzo za kilovolti 33 au 11 zinazopita kando ya shamba: juu kabisa kuna vikombe vitatu, na juu ya kila kikombe waya mmoja. Ni mgawanyo uleule wa mawimbi matatu.

Kwa Kenya na Tanzania Bara, huduma ilianza miaka 17 baada ya Lauffen. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliileta Mombasa, mwaka huohuo Nairobi ikapata kampuni yake, na Dar es Salaam Wajerumani wakawasha umeme kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji.

Msongo mkubwa kuliko wote

Siku hizi taji hili liko China. Njia ya Changji hadi Guquan, inayotoka jimbo la Xinjiang hadi Anhui upande wa mashariki, ina msongo wa kilovolti 1,100 na urefu wa karibu kilomita 3,300. Mtu akitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, akageuza na kurudi, bado atakuwa amebakiza kilomita mia saba na ushei kuufikia urefu huo. Ilianza kazi kikamilifu mwaka 2019 na inaweza kubeba megawati 12,000. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lina megawati 2,115. Waya huo mmoja unaweza kubeba umeme wa mabwawa zaidi ya matano ya aina hiyo.

Cha kushangaza, njia hiyo ni ya mkondo mnyoofu, uleule wa Edison ulioshindwa. Tofauti ni kwamba siku hizi kuna mitambo ya kielektroniki inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu kwenye mwanzo wa safari, kisha kuurudisha ulivyokuwa mwishoni. Kwa umbali wa maelfu ya kilomita, mkondo mnyoofu hupoteza kidogo na hutosheka na nyaya chache.

Kwa upande wa mkondo geu, rekodi iliwekwa na Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1985 njia ya Ekibastuz hadi Kokshetau, katika Kazakhstan ya leo, ilianza kutumia kilovolti 1,150. Dola ilipovunjika, njia ikashushwa hadi kilovolti 500. Minara bado imesimama, mirefu kupita mahitaji yake.

Njia iliyopita juu ya vijiji

Kwa karibu miaka 28, njia ndefu kuliko zote duniani haikuwa China wala Marekani. Ilikuwa Kongo. Njia ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, inatoka kwenye bwawa la Inga karibu na mdomo wa mto Kongo na kukatiza nchi kilomita 1,700 hadi kwenye migodi ya shaba na kobalti ya Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Iliongoza hadi mwaka 2010, njia ya Xiangjiaba hadi Shanghai ilipoipita kwa kilomita mia mbili hivi.

Sifa hiyo ina upande wake mchungu. Njia inapita juu ya vijiji vingi visivyo na hata taa moja. Wengi hudhani ni ukatili mtupu wa wakubwa, na sehemu ya hasira hiyo ni halali, lakini kuna sababu ya kiufundi pia. Waya wa mkondo mnyoofu wenye kilovolti 500 hauchomozewi waya mdogo kama wa kilovolti 33. Ili kuteremsha umeme katikati ya njia, sharti kijengwe kituo cha kugeuza mkondo, na kituo kimoja hugharimu mamilioni mengi ya dola. Waliopanga njia waliweka vituo viwili tu: kimoja Inga, kimoja Kolwezi. Aliye katikati hakuwa kwenye hesabu.

Afrika Mashariki nayo imepata njia yake ya aina hiyo. Kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, kuna kilomita 1,045 za mkondo mnyoofu wenye kilovolti 500, zenye uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilianza kununua umeme kupitia njia hiyo mwishoni mwa 2022.

Mitambo iliyosubiri waya

Suswa ndiko pia unakofika umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, ikiwa shamba kubwa la upepo kuliko yote Afrika kwa wakati huo. Upepo ulikuwepo, mapangaboi yalikuwepo, waya haukuwepo. Njia ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani ilikamilika mwaka 2018. Katika kipindi hicho mitambo ilisimama, na mlipa kodi wa Kenya akabebeshwa gharama ya umeme ambao haukumfikia. Kuzalisha bila njia ya kusafirisha ni hasara tupu.

Waya mrefu bila nguzo, nguzo ndefu kuliko Eiffel

Mitaani kwetu nguzo moja hadi nyingine ni mita 50, au mia hivi vijijini. Huko Greenland, waya wa kilovolti 132 unaopeleka umeme wa maji mji wa Nuuk unavuka ghuba ya Ameralik kwa mruko mmoja wa mita 5,376. Zaidi ya kilomita tano bila nguzo, tangu mwaka 1993. Siri yake ni milima: ncha zote mbili za waya zimefungwa juu sana, ukabaki na nafasi ya kulegea katikati bila kugusa maji.

Pasipo na milima, mnara ndio hujengwa mrefu. Kati ya visiwa vya Jintang na Cezi, katika funguvisiwa la Zhoushan nchini China, kuna minara ya mita 380, mirefu kuliko mnara wa Eiffel wa Paris wenye mita 330. Haikujengwa hivyo kwa fahari. Meli kubwa hupita chini yake, na waya wa kilovolti 500 unatakiwa kuwa mbali na mlingoti wa meli hata siku ya joto kali unapotanuka na kushuka.

Mbali zaidi chini ya bahari

Waya wa baharini wa kwanza wa kibiashara uliotumia mkondo mnyoofu wa msongo mkubwa ulitandazwa mwaka 1954 kwenda kisiwa cha Gotland, Sweden: kilomita 98 hivi, megawati 20. Leo miongoni mwa mabingwa ni Viking Link, kati ya Uingereza na Denmark, yenye jumla ya kilomita 765 za nchi kavu na baharini na uwezo wa megawati 1,400, iliyoanza kazi mwishoni mwa 2023. Njia zote hizi ndefu za baharini ni za mkondo mnyoofu. Waya uliozungushiwa maji hujichaji na kujimwaga kila mkondo geu unapobadili uelekeo, na ukiwa mrefu mno, nguvu yote huishia kwenye kazi hiyo.

Umbali mfupi hauna tatizo hilo, ndiyo maana Unguja imehudumiwa kwa mkondo geu wa kilovolti 132 kutoka bara tangu mwaka 1980. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, kilomita zipatazo 78 chini ya bahari.

Gridi iliyochelewesha saa

Gridi ya Ulaya bara ni miongoni mwa mitambo mikubwa kuliko yote aliyowahi kutengeneza binadamu. Inahudumia zaidi ya watu milioni 400, kutoka Ureno hadi Uturuki, na jenereta zake zote hugeuza mkondo kwa mpigo mmoja, mara 50 kwa sekunde. Anayetumia umeme mwingi kuliko anaozalisha huwapunguzia mwendo wote.

Mapema mwaka 2018 ugomvi kati ya Serbia na Kosovo uliacha pengo la namna hiyo kwa majuma kadhaa. Mpigo ulishuka hadi wastani wa 49.996. Ni kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona kwenye taa, lakini saa za kwenye majiko na redio, zinazohesabu muda kwa mpigo wa umeme, zilichelewa kwa karibu dakika sita katika nchi 25. Saa ya jikoni Uhispania ilichelewa kwa ugomvi wa Balkani.

Jambo hilo linatuhusu sasa kuliko zamani. Tangu mwishoni mwa 2024, gridi za Tanzania na Kenya zimeunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 inayopita Namanga. Muungano huleta msaada pale jirani anapopungukiwa. Huleta pia matatizo ya jirani.

Giza lililofunika watu wengi zaidi

Tarehe 30 Julai 2012, gridi ya kaskazini mwa India ilianguka usiku wa manane baada ya njia moja ya kilovolti 400, kati ya Bina na Gwalior, kuelemewa na kujikata. Mafundi walihangaika, umeme ukarudi. Kesho yake mchana ikaanguka tena, safari hii ikivuta na gridi za mashariki na kaskazini-mashariki. Zaidi ya watu milioni 600 wakakosa umeme kwa mara moja, karibu nusu ya nchi. Treni zilisimama relini. Wachimbaji wa makaa zaidi ya 200 wakakwama chini ya ardhi huko West Bengal kwa sababu lifti za migodi hazina kazi bila umeme, hadi walipookolewa.

Anguko la namna hii hufuata utaratibu uleule karibu kila mahali. Njia moja inajikata, mzigo wake unahamia kwa njia jirani, nayo inaelemewa na kujikata, hadi mnyororo unaishia gizani. Kila kifaa kilichojikata kilifanya kazi yake sawasawa: kilijiokoa kisiungue.

Mhusika mdogo kuliko wote

Mnyororo huohuo uliwahi kuanzishwa na tumbili. Asubuhi ya tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata. Mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na kujikata pia, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo, na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alitoka mzima na kukabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Watu walicheka sana, ila wahandisi walijua aliyefeli si tumbili. Gridi imara inatakiwa kuweza kupoteza kifaa chake kikubwa kimoja bila wateja kujua. Ile ya siku hiyo haikuwa na akiba.

Giza la muda mrefu

Kwa urefu wa muda, Puerto Rico inaongoza katika ardhi ya Marekani. Kimbunga Maria kilipiga tarehe 20 Septemba 2017, kikaangusha nguzo na minara kisiwa kizima, na wateja wa mwisho walisubiri karibu miezi 11. Auckland, New Zealand, ilikaa majuma matano mwaka 1998 katikati ya mji bila umeme wa uhakika, baada ya nyaya nne za chini ya ardhi kufa moja baada ya nyingine kiangazi.

Unguja ina historia yake. Mei 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Haukupita muda mrefu, tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010: miezi mitatu. Shida kubwa haikuwa giza, ilikuwa maji. Pampu za kisiwa zinategemea umeme, hivyo mabomba yalikauka na watu wakarudi visimani na ndoo. Hoteli zenye jenereta ziliendelea kuwaka. Wenye friji za samaki na maduka ya barafu walihesabu hasara. Kisiwa chote kilikuwa kimening'inia kwenye waya mmoja uliochoka. Waya mpya wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013.

Waya baridi kuliko wote

Kuna vitu ambavyo vikipozwa sana huacha kabisa kuuzuia umeme, na upotevu wa joto hutoweka. Mji wa Essen, Ujerumani, uliweka waya wa namna hiyo wenye urefu wa kilomita moja mwaka 2014, ukipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi nyuzi karibu 200 chini ya sifuri. Mwaka 2021 Shanghai ikaupita kwa waya wa kilomita 1.2. Kwa sasa gharama ya kupoza inaufaa mji wenye watu waliosongamana na ardhi ya bei kali, na hautarajiwi Mbagala wala Kisumu karibuni.

Safari fupi iliyo ngumu kuliko zote

Sehemu fupi ya mtandao ndiyo isiyopata sifa: kutoka transfoma ya nguzoni hadi kwenye mita yako. Hapo msongo umeshashushwa hadi volti 230, na shida ya Edison inarudi kama ilivyokuwa mwaka 1882. Nyumba ya mwisho kwenye laini ndefu inaijua vizuri. Jioni kila mtu akiwasha pasi na jiko, taa zake hufifia, friji huunguruma bila kugandisha, na kumwita fundi abadilishe swichi hakusaidii, kwa sababu ugonjwa uko kwenye umbali. Dawa ni transfoma nyingine iliyo karibu. Mpango wa Kenya wa kuunganisha kaya, ulioanza mwaka 2015, ulilenga wanaokaa ndani ya mita 600 kutoka transfoma kwa sababu hiyohiyo. Tanzania iliweka ada ya kuunganishiwa vijijini kuwa shilingi 27,000, lakini ada hiyo humsaidia yule ambaye nguzo imeshamfikia.

Hapa ndipo ningeweka taji, kama ningeulizwa. Giza la India lilifunika watu milioni 600 kwa saa chache na likaandikwa na magazeti ya dunia nzima. Afrika kusini mwa Sahara ina watu wapatao milioni 600 ambao hawajawahi kuunganishiwa umeme, leo na kila siku, na wamo wanaoishi chini ya waya wa Inga. Hilo ndilo giza kubwa kuliko yote, na halitaondolewa na mnara wa mita 380. Litaondolewa na nguzo za kawaida, transfoma za kawaida na mita 600 za mwisho. Kwa hiyo kiongozi akija kijijini kwenu kujisifu kwa megawati, mpigieni makofi, kisha mwulizeni transfoma ya karibu iko wapi.